Kosa Lilikuwa Jina: Uchambuzi wa Kesi ya Wakristo wa Ponto

Swali la kesi hii ni fupi: Wakristo wa mwanzo walishtakiwa kwa kosa gani hasa? Ukiwauliza watu kanisani, wengi watakujibu kwamba walishtakiwa kwa kumwamini Yesu. Jibu hilo si la uongo, ila linaruka nusu ya kisa. Faili ya zamani kuliko zote tulizo nazo, barua ya Plinius Mdogo, liwali wa Kirumi aliyewahukumu mwenyewe, inaonyesha hakimu asiyejua kosa lenyewe ni lipi, na anayemwandikia bosi wake kuuliza baada ya watu kwisha kuuawa.

Katika maandishi ya aina hii ni desturi kuficha majina ya wahusika. Hapa kazi hiyo ilikwisha kufanywa miaka 1,900 iliyopita. Liwali na Kaisari wanajulikana. Washtakiwa hawakutajwa hata mmoja, wala umri, wala mji, wala kazi. Wawili tu wanaonekana kidogo: vijakazi, wanawake, na tutafika kwao.

Usuli: hesabu, moto na hofu ya vikundi

Jimbo la Bithinia na Ponto lilikuwa pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Msomaji wa Agano Jipya amekwisha kulipitia: Akila, fundi wa mahema aliyefanya kazi na Paulo Korintho, ni mzaliwa wa Ponto, na waraka wa kwanza wa Petro unawasalimu waamini waliotawanyika katika majimbo kadhaa, Ponto na Bithinia yakiwamo.

Mwaka 110 hivi Kaisari Trajan alimpeleka huko Plinius Mdogo, mwanasheria aliyekuwa ameshika cheo cha konsuli, mojawapo ya vyeo vya juu kabisa Roma, mwaka 100. Hakupelekwa kwa ajili ya dini. Alipelekwa kukagua pesa. Mji wa Nikomedia ulikuwa umetumia sesta (sarafu ya Kirumi) 3,318,000 kwenye mfereji wa maji, ukauacha njiani, ukaanza mwingine kwa sesta 200,000, nao ukaachwa. Nikea walikuwa na jumba la michezo lililokula zaidi ya sesta milioni 10, na kabla halijakwisha likaanza kutitia na kupasuka. Miji hii ilishindana kwa majengo na vyeo, na ndani ya kila mji matajiri walikuwa na kambi zao.

Barua moja ya liwali huyu ndiyo ufunguo wa kesi nzima, ingawa haimtaji Mkristo hata mara moja. Moto uliwaka Nikomedia. Uliteketeza nyumba nyingi za watu, hekalu la Isis na jumba la wazee. Hapakuwa na pampu wala ndoo, na watu walisimama pembeni wakitazama. Plinius akaomba ruhusa ya kuunda kikosi cha zimamoto cha mafundi 150 tu, akaahidi kwamba atawachuja na kuwachunga. Trajan akakataa. Alimkumbusha kwamba miji ya jimbo hilo imesumbuliwa na vikundi vya namna hiyo, na kwamba watu wakikusanywa kwa kazi moja, jina lolote uwape, hawachelewi kugeuka kikundi cha siasa. Nunua vifaa, alisema, wenye nyumba wazime wenyewe.

Yaani afadhali mji uungue kuliko watu 150 wawe na mahali pa kukutania.

Kwa Kilatini cha maofisa hao neno la kuogopwa lilikuwa hetaeria, kikundi cha marafiki waliofungamana. Kaisari alimwagiza liwali avipige marufuku, naye akatoa tangazo. Marufuku hii iligusa maisha ya kawaida, kwa sababu dunia ya Kirumi ilijaa vyama vinavyofanana sana na vyama vyetu vya kufa na kuzikana: watu wanachanga, wanakula pamoja siku maalumu, na mmoja akifa wenzake wanamzika. Mji wa Amisus uliruhusiwa kubaki na vyama vyake kwa kuwa ulikuwa na sheria zake wenyewe, na hata hapo Trajan aliweka sharti kwamba michango iwasaidie maskini, isitumike kwa fujo. Kwingineko jimboni, hapana.

Sasa tazama kusanyiko la Kikristo kwa macho ya jirani. Wanakutana siku maalumu. Wanakula pamoja. Kuna kiapo. Mtumwa na bwana wako chumba kimoja. Tena hawaonekani kwenye kafara za mji, ambazo hazikuwa jambo la moyoni mwa mtu bali shughuli ya wote, yenye maandamano, nyama na heshima kwa Kaisari. Kutohudhuria kulitazamwa kama vile sisi tunavyomtazama asiyefika kwenye msiba wa jirani: hakuna sheria inayomshika, lakini mtaa mzima umekwisha kumwandika.

Na kuhusu sheria: haikuwapo sheria iliyoandikwa dhidi ya Ukristo ambayo Plinius angeweza kuinukuu, wala hainukuu. Liwali wa jimbo alikuwa na mamlaka mapana ya kusikiliza shauri na kutoa adhabu kwa busara yake, hadi kuua. Mwendesha mashtaka wa serikali hakuwapo. Kesi ilianza raia mmoja aliposimama na kumshtaki mwenzake.

Mfuatano wa matukio

Mwaka 111 au 112, liwali akiwa kwenye ziara zake jimboni, watu walianza kuletwa mbele yake wakishtakiwa kuwa ni Wakristo. Alimwuliza kila mmoja: wewe ni Mkristo? Aliyekiri aliulizwa mara ya pili, kisha ya tatu, akionywa kwamba adhabu ipo. Aliyeshikilia alitolewa nje kwenda kuuawa. Waliokuwa raia wa Roma waliandikwa wapelekwe Roma, njia ile ile aliyopitia Paulo alipokata rufani kwa Kaisari.

Kama ilivyo kawaida, kesi zilizaa kesi. Habari zilipoenea kwamba shtaka hili linasikilizwa, mashtaka yakaongezeka. Kisha likatokea karatasi lisilo na jina la mwandishi, limejaa majina ya watu.

Walioitwa kutokana na karatasi hilo, wengine walikana kwamba hawajapata kuwa Wakristo. Liwali akawaongoza maneno ya kuiomba miungu, wakafukiza ubani na kumwaga divai mbele ya sanamu ya Kaisari iliyoletwa pamoja na sanamu za miungu, wakamlaani Kristo. Wakaachiwa. Alikuwa amesikia kwamba Mkristo wa kweli hawezi kulazimishwa kufanya lolote kati ya hayo.

Wengine walisema: tulikuwa, tumeacha. Wapo walioacha miaka mitatu kabla, wengine mingi zaidi, na baadhi kama miaka 20 kabla. Nao walifukiza ubani na kulaani. Lakini hawa walikuwa na ushahidi, kwa kuwa waliwahi kuwa ndani. Wakaeleza kwamba kosa lao lote, au upotovu wao, ulikuwa huu: siku maalumu hukutana kabla ya mapambazuko, huimba kwa kupokezana wimbo kwa Kristo kama kwa mungu, hula kiapo, si cha kutenda uovu, bali cha kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, na kutokana amana ya mtu anapoidai. Baadaye huachana, kisha hukutana tena kula chakula, nacho ni chakula cha kawaida kisicho na madhara. Hata hilo la kula pamoja waliliacha baada ya tangazo la liwali la kupiga marufuku vikundi.

Liwali hakutosheka. Akaagiza vijakazi wawili walioitwa wahudumu wateswe ili waseme ukweli. Katika sheria ya Kirumi ushahidi wa mtumwa ulichukuliwa kwa mateso. Halikuwa jambo la pekee kwake, na hata sentensi anayolieleza nayo haina mshtuko wowote. Alichokipata, anasema, ni ushirikina mbovu uliopita kiasi. Uhalifu hakuupata.

Hapo ndipo alipoahirisha kesi na kumwandikia Kaisari.

Maamuzi, na sababu zake

Maswali ya liwali kwa Kaisari yalikuwa matatu. Umri uzingatiwe, au mtoto na mtu mzima ni sawa? Anayetubu asamehewe, au aliyewahi kuwa Mkristo haimfai kitu kuacha? Na la tatu, ambalo ndilo kesi yenyewe: linaadhibiwa jina tupu hata kama hakuna uhalifu, au uhalifu unaoambatana na jina?

Kwa nini aliwaua wa kwanza kabla ya kuuliza? Sababu yake ameiandika wazi. Hakuwa na shaka, anasema, kwamba vyovyote iwavyo wanachokiri, ukaidi na kichwa kigumu kisichopinda lazima viadhibiwe. Kwa akili ya ofisa wa Kirumi hili si upuuzi. Liwali amekupa nafasi tatu mbele ya watu, nawe mara tatu umeshikilia lile lile. Kosa jipya limezaliwa mle mle mahakamani.

Kipimo cha ubani nacho kilikuwa na mantiki yake. Hakikuuliza mtu anaamini nini. Warumi hawakujali sana hilo. Kiliuliza uko upande gani.

Sasa maamuzi ya upande wa pili, ambayo wasomaji wengi huyapita haraka. Tangazo lilipotoka, kusanyiko hili liliacha mlo wa pamoja. Halikuacha ibada ya alfajiri. Hawa ni watu waliokaa chini wakapima: kipi katika maisha yetu kinafanana na chama kilichokatazwa, na kipi hatuwezi kukiachia? Mlo ulikuwa ndio mahali ambapo tajiri alimlisha maskini, na Paulo alipowakaripia Wakorintho ilikuwa juu ya mlo huo huo, ambao wenye nacho walishiba huku wengine wakibaki na njaa. Kuuacha si jambo dogo. Waliuacha.

Saa ya ibada nayo inatuambia kitu. Jumapili haikuwa siku ya mapumziko. Ilifanywa hivyo na Konstantino mwaka 321. Mtumwa hana saa yake mwenyewe baada ya bwana wake kuamka. Kukutana kabla ya mapambazuko kulihitaji ujasiri wa kiroho, naam, lakini naona pia ratiba ya watu wa kazi.

Na kiapo? Msomaji wa Kenya, anayekumbuka viapo vya Mau Mau, hahitaji kuelezwa serikali husikia nini inapoambiwa watu wanakula kiapo gizani. Warumi nao walikuwa na kumbukumbu zao za wala njama waliofungana kwa kiapo. Ndiyo maana mashahidi wanasisitiza kwamba chao hakikuwa cha kutenda uovu. Ukiyasoma yaliyomo, ni maadili ya sokoni na nyumbani, na lile la amana linanigusa kuliko yote. Mtu wa kawaida hakuwa na benki. Aliyesafiri aliacha akiba yake kwa jirani, na jirani akikana, maskini hana mahakama ya kukimbilia. Mafundisho yaliyofika pwani ile yalikuwa yamegeuka kuwa ulinzi wa akiba ya mnyonge.

Matokeo

Jibu la Trajan ni fupi mno. Umefanya sawasawa, anamwambia. Haiwezekani kuweka kanuni moja kwa wote. Wasitafutwe. Wakishtakiwa na kuthibitishwa, waadhibiwe, ila anayekana na kuonyesha kwa kuiabudu miungu yetu, asamehewe hata kama zamani alishukiwa. Na makaratasi yasiyo na jina yasipokewe katika kesi yoyote, kwani ni mfano mbaya kabisa na hayafai kwa zama zetu.

Swali la jina au uhalifu hakulijibu kwa maneno. Alilijibu kwa kanuni yake: atakayeadhibiwa ni yule anayeshikilia jina, atakayesamehewa ni yule anayelikana.

Jimboni, liwali anaripoti kwa kuridhika kwamba mahekalu yaliyokuwa karibu kuhamwa yameanza kupata watu, ibada zilizokatizwa zimerudi, na biashara ya kafara, ambayo wateja wake walikuwa wa kutafuta, sasa inauzika. Anaongeza kwamba ushirikina huu umeenea hata vijijini na mashambani, si mijini tu, na kwamba walio hatarini ni wa kila umri, kila tabaka, wanaume kwa wanawake. Ni ofisa anayetaka kumwonyesha bosi kwamba tatizo ni kubwa na kwamba yeye analitibu, kwa hiyo punguza kidogo kila upande.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, kwa sababu kipo. Kukataa karatasi lisilo na jina kuliwaokoa watu, wengi kiasi gani hatuwezi kuhesabu. Anayetaka kushtaki ilibidi aoneshe uso. Hadrian, aliyemfuata Trajan, alimwandikia liwali wa jimbo la Kirumi la Asia, Minicius Fundanus, akakaza uzi zaidi: mashtaka yathibitishwe mahakamani, makelele ya umati hayatoshi, na mchongezi wa uongo aadhibiwe. Kwa muda mrefu baada ya hapo mateso yalibaki ya mahali mahali, yakitegemea chuki za majirani kuliko amri ya Roma.

Hao majirani ni nani? Faili haisemi. Lakini mtu akikueleza kesi, kisha mwishoni akataja bila kuulizwa kwamba biashara ya kafara imefufuka, una haki ya kujiuliza nani alikuwa akipata hasara. Efeso, wafua fedha wakiongozwa na Demetrio walimkasirikia Paulo kwa sababu ya vihekalu vyao ambavyo soko lake lilitishiwa. Huo ni ukisiaji wangu kwa upande wa Ponto, ila sidhani kama niko mbali.

Kilichoshindikana kwa liwali kinaonekana ukipanga matukio kwa saa. Aliua kwanza, akachunguza baadaye. Uchunguzi ulipofanyika, kwa mateso, haukuonyesha wizi, wala uzinzi, wala karamu za kutisha. Sasa, ushahidi huo ulihusu maisha ya kusanyiko zima. Ukiwatakasa walioacha, umewatakasa pia waliokwisha kuuawa. Plinius alikuwa mwanasheria mzuri mno asilione hilo, na nadhani ndiyo maana swali lake la tatu limeandikwa kwa uangalifu vile. Tertullian, mwandishi Mkristo kutoka Kartago, Afrika Kaskazini, aliishika kanuni ya Trajan mwaka 197 na kuipasua: unakataza watafutwe kana kwamba hawana hatia, kisha unaamuru waadhibiwe kana kwamba wana hatia. Tena mhalifu wa kawaida huteswa ili akiri. Hawa peke yao waliteswa ili wakane.

Upande wa kanisa, kuna jambo gumu la kukubali. Waraka wa Petro uliotumwa kwa majimbo haya haya ulikuwa na mkakati: tiini mamlaka, tendeni mema, na wema wenu utawanyamazisha wanaowasingizia. Katika kesi hii wema ulifanya kazi yake. Liwali alichimba hadi mwisho akakosa kosa la kushika. Wasingiziaji walinyamazishwa ndani ya faili, na watu wakauawa vilevile. Waraka wenyewe, kwa haki, haukuahidi usalama. Unasema mtu asiteswe kama mwuaji au mwivi, lakini akiteswa kwa kuwa ni Mkristo, asione haya. Yaani mwandishi wake alikwisha kujua tofauti kati ya jina na uhalifu, ile ile iliyomkosesha liwali usingizi.

Kuna sentensi nyingine katika waraka huo ambayo Kiswahili kimeibeba vizuri: «Mcheni Mungu. Mpeni heshima mfalme.» Vitenzi ni viwili, na kucha si kuheshimu. Mkristo wa Ponto aliweza kulipa kodi, kulitii tangazo, hata kuacha mlo wake. Chetezo kilipowekwa mbele ya sanamu, vile vitenzi viwili vililazimishwa kuwa kimoja. Mstari ambao mafundisho yaliuchora kwa wino, mahakama ikauchora mahali pale pale kwa upanga.

Na wale vijakazi. Faili inatumia neno la Kilatini linalolingana na mhudumu, cheo kile kile ambacho Paulo anampa Fibi wa Kenkrea. Wanawake wawili, mali ya mtu mbele ya sheria, ndio waliokuwa viongozi wa kutosha hata liwali aone kwamba ukweli uko kwao. Huenda mabwana wao walikuwa kwenye mkusanyiko huo huo wakiimba pembeni yao, huenda hawakujua kitu. Aliandika walichokuwa. Walichosema alikifupisha kwa maneno matatu ya dharau, akaendelea na aya inayofuata.

Kipimo cha ubani kiliishi muda mrefu kuliko aliyekibuni. Kilianza kama mlango wa kumtoa aliyesingiziwa. Mwaka 250 Kaisari Decius alikifanya cha kila mtu: toa kafara, upewe hati. Hati hizo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimefukuliwa Misri.

Nikomedia nayo ilirudi kwenye historia. Mwaka 303 ilikuwa makao ya Kaisari Diocletian, na kanisa lilisimama mahali palipoinuka, likionekana kutoka kwenye kasri. Tarehe 23 Februari askari walitumwa kulivunja. Galerius, mtawala mwenzake, alitaka lichomwe. Diocletian alikataa, akiogopa moto usije ukashika majumba makubwa yaliyolizunguka na kuteketeza sehemu ya mji, kwa hiyo askari wakaja na mashoka wakalibomoa kwa saa chache. Siku chache baadaye kasri lenyewe liliwaka moto, na Wakristo ndio waliolaumiwa.